Walinzi wa pwani wametufukuza usiku mlangoni mwa Kilindini, bandari ya Mombasa, hivi wanalinda nini hasa?

Swali: "Assalam aleikum nahodha. Mimi ni mvuvi wa upande wa Likoni, nina boti ya faiba futi 23 na mashine ya nguvu za farasi 15. Wiki jana usiku kama saa nane tulikuwa watatu, tumetia nanga kando ya mkondo wa meli tunavua na mishipi, mara boti ya walinzi wa pwani ikaja mbio imezima taa, kufika ndio wakatumulika machoni. Wakataka makaratasi, wakapekua mpaka boksi la barafu, wakatuambia tung'oe nanga tuondoke na tukipatikana tena tutalala ndani. Hatukuwa na kitu zaidi ya changu kidogo na kolekole wanne. Babu kavua hapo, baba kavua hapo. Mwenzangu anasema siku nyingine tuzime taa kabisa tuvue kimya wasituone, baba anasema niuze boti. Nataka kujua hawa watu wanalinda nini, meli za matajiri? Wana haki ya kutufukuza? Na nifanyeje?"

Jibu:

Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa usiku ule, najua kumulikwa machoni ukiwa na mshipi mkononi kunavyoudhi. Lakini kabla ya yote hilo la mwenzako la kuzima taa msilifanye. Hata kama mengine yote hapa chini hutayasoma, shika hilo. Mi nimekaa miaka mingi kwenye zile boti za kupeleka marubani, boti ndogo inayotoka nje kumpandisha rubani melini, na usiku mmoja wa kusi, mvua za rasharasha, tunarudi ndani tumetangulia mbele ya meli ya mafuta inayoingia, nikaona kitu chekundu kidogo juu ya maji kikang'aa kikazima. Nikasema ni macho yangu. Kikang'aa tena. Kumbe sigara. Mzee yuko ndani ya dau lake katikati kabisa ya mkondo, hana taa hana nini, anavuta sigara yake anangoja samaki, na nyuma yetu inakuja meli ya mita mia mbili na ushee. Tulimfunga kamba tukamvuta kando kama mbuzi, anatutukana njia nzima. Kule juu melini hakuna aliyemuona, rada haikumuona, na mimi pia nisingemuona. Kilichomuokoa yule mzee ni uraibu.

Sasa tuje kwenye hasira yako. Hili la "meli za matajiri" nalisikia kila siku na silikatai moja kwa moja, mwenye meli hakika si maskini. Ila nenda siku moja ukae pale ufukweni Mama Ngina jioni na mihogo yako ya kukaanga, ungoje meli ipite. Inapita karibu mpaka unasoma jina lake ubavuni. Ndani yake kuna ngano, kuna mafuta ya hiyo mashine yako ya 15, kuna dawa za hospitali, kuna mitumba. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha kontena zaidi ya milioni 2 kwa hesabu ya zile za futi 20, na si zetu peke yetu, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Wakongo wa mashariki wote riziki yao inaingilia hapo. Na mlango ni mmoja. Mkondo umechimbwa mpaka kina cha mita 15 ili meli kubwa zipite, nje ya mkondo huo ni miamba na maji mafupi, kwa hiyo meli moja tu ikilala ubavu pale kati ya Likoni na Ras Serani hakuna kuzunguka. Zilizo ndani zimefungiwa, zilizo nje zitangoja au zitaenda Dar es Salaam. Meli ina mwenyewe na ina bima, mlango hauna bima, na wale vijana wa boti ile kazi yao kubwa ni huo mlango.

Nikupe mfano wa jirani zetu, Yemen, manake huko ndiko dunia nzima ilikojifunzia kuogopa boti ndogo. Oktoba 2000 manowari ya Marekani inaitwa USS Cole ilikuwa imesimama Aden inajaza mafuta. Ikasogea boti ndogo ya faiba yenye watu wawili, hakuna aliyeshtuka, boti kama zile zilikuwa zinazunguka bandarini siku nzima. Ikafika ubavuni ikalipuka, mabaharia 17 wakafa. Miaka miwili baadae, Oktoba 2002, ikawa zamu ya meli ya biashara, Limburg, meli ya mafuta ya Wafaransa, nje kidogo ya pwani hiyohiyo ya Yemen, boti ndogo tena. Baharia mmoja akafa, mapipa kama 90,000 yakamwagika baharini. Lakini mkasa wenyewe ulikuja baadae na haukupigiwa kelele: bima ya meli za kwenda Yemen ilipanda vibaya sana, kampuni zikaanza kuikwepa Aden, makuli wakakaa vijiweni. Bandari haikubomoka hata tofali moja ila kazi ilikimbia.

Kwa hiyo ukiona boti ya faiba yenye watu watatu inasogelea meli usiku, mlinzi wa pwani haoni changu na kolekole. Anaona Aden. Si haki kwako lakini ndivyo ilivyo.

Hapa kuna jambo watu wengi wanalichanganya. Wanadhani walinzi wa pwani ni wanamaji, au ni polisi wa bandari, au ni askari wa KPA, mamlaka ya bandari, au wamewekwa kwa ajili ya maharamia wa Somalia. Hapana. Jeshi la wanamaji wale wa Mtongwe kazi yao ni vita na mipaka ya nchi. Askari wa bandari wanashika mageti na magati, huko nchi kavu. Walinzi wa pwani ni idara nyingine, imeundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ikazinduliwa Novemba mwaka huohuo pale Liwatoni na rais Uhuru Kenyatta, na wakaanza na ile meli yao inayoitwa Doria. Kabla ya hapo kazi hii ilikuwa imegawanywa vipande vipande, huyu anashika uvuvi, huyu forodha, huyu dawa za kulevya, huyu uokoaji, na mwizi akijua kupenya kati ya huyu na huyu anapita. Sasa wao ndio wanashika majini yote hayo, usalama wa bandari upande wa maji, uvuvi haramu, magendo, uchafuzi wa bahari na uokoaji, na si baharini tu, hata Ziwa Victoria wako.

Na maharamia, tuwe wakweli, wengi wao tumewasikia redioni tu. Hapa walitugusa kwa njia nyingine. Unaikumbuka ile meli MV Faina? Septemba 2008 ilikuwa inakuja hapahapa Mombasa na vifaru 33 ndani, ikatekwa, ikaachiwa Februari 2009. Miaka ile meli za kuja kwetu zilikuwa zinalipa bima ya vita na kukodi walinzi wa bunduki, na hizo pesa hazilipwi na mwenye meli ndugu yangu, zinaingia kwenye bei ya unga. Ile alama ya eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi iliondolewa rasmi Januari 2023. Bandari inayojulikana ina ulinzi inapunguza gharama ya kila kitu, na huo ndio ulinzi usiouona.

Sasa wanalinda vipi. Hebu fikiria nyumba ya Mji wa Kale, kuna baraza ya nje, ukiruhusiwa unaingia daka, alafu ukumbi, alafu ndani kabisa. Mgeni haingii ndani bila kupita baraza. Bandari ndio hivyo.

Baraza ni huko mbali, meli haijafika. Tangu Julai 2004 kuna kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zinaitwa ISPS, zimeandikwa baada ya yale ya Septemba 2001 Marekani. Meli kabla haijaingia inatakiwa iweze kueleza bandari 10 za mwisho ilizopita, ilikuwa na ulinzi wa daraja gani, nani yuko ndani. Meli za kimataifa za tani 300 kwenda juu zinabeba pia kile chombo cha AIS kinachotangaza jina, mwendo na upande inaoelekea, mtu wa nchi kavu anaiona kwenye skrini. Ukiona meli imezima chombo hicho au imesema inatoka huku na mwendo wake unaonesha imetoka kule, hiyo ndio ya kuisubiri. Kwa hiyo kazi nyingi ya ulinzi hufanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti na kikombe cha kahawa, wala haina mbio za boti kama kwenye filamu.

Daka ni huko nje meli zinapotia nanga kungoja zamu. Hapo ndipo boti za doria zinazunguka, manake meli iliyosimama ni kama ng'ombe aliyelala. Wanaangalia nani anaisogelea, nani anashusha kitu upande wa pili usioonekana kutoka nchi kavu. Alafu mkondo wenyewe, ambao ndio ukumbi, rubani ameshapanda, tagi, zile boti za kuvuta meli, zimeshika, na feri za Likoni zinakatiza mbele, laki tatu ya watu kwa siku wanavuka pale. Na ndani kabisa ni magati, na chini ya meli pia, wapiga mbizi hutumwa kukagua tumbo la meli inaposhukiwa.

Labda utashangaa tumbo la meli lina nini. Kuna matundu makubwa yenye wavu wa chuma ambayo meli inavutia maji ya kupoza injini, wauza dawa za kulevya wanafungua wavu, wanaficha mzigo humo, na ikifika bandari nyingine mpiga mbizi mwingine anakuja kuutoa. Nahodha mwenyewe hajui. Na mzigo huo unafikishwa vipi kwenye meli? Kwa boti ndogo, usiku. Na kuna uwazi juu ya usukani, upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, mtu anaweza kujipenyeza akakaa humo kama popo, vijana wa kuzamia meli wanaujua, wengine wakifa humo hata mama zao hawaambiwi. Wanapelekwa na nani pale? Boti ndogo, usiku. Wizi wa mafuta, kamba na rangi kwenye meli zilizotia nanga, boti ndogo usiku. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi nje ya pwani yetu hii na kilo 1,032 za heroini zimefichwa kwenye mifuko ya saruji. Jahazi zima la mbao, kama haya ya Mombasa ya kawaida tu.

Sikwambii haya kukutisha. Nataka ukae kwenye boti yao dakika moja. Usiku, hamna mwezi, mbele yako kuna vitu vidogo thelathini juu ya maji, ishirini na tisa ni wavuvi na kimoja si mvuvi. Utajuaje? Utakwenda kwanza kwa yule asiye na taa, asiye na namba ubavuni, aliye karibu sana na meli. Na akiwasha mashine akakimbia, basi umempata hata kama hana kitu. Kazi yote ya kulinda bandari ukiikamua inabaki hiyo, kujua nani ni nani. Sasa mwenzako anasema mzime taa.

Na hata walinzi wasingekuwepo, kuna meli yenyewe. Kanuni za kimataifa zinaruhusu meli kubwa mtu wa usukani asione maji ya mbele ya gubeti mpaka umbali wa urefu wa meli mbili au mita 500, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Yaani mita 500 mbele ya pua ya meli, meli iko halali kabisa na haikuoni! Meli inayoingia kwa noti 8 inakwenda kama mita 4 kwa sekunde, mita 500 zinaliwa kwa dakika mbili. Dakika mbili we hata nanga hujaing'oa, mashine imekataa kuwaka mara ya kwanza kama kawaida yao, na rubani hata akikuona hawezi kupinda, akipinda anapanda mwamba. Kusimamisha ndio kabisa, meli nzito iliyopigwa injini nyuma inaendelea kuteleza kama gari la mkaa kwenye mteremko, na hapo bado kuna mkondo wa maji ya bamvua unaoisukuma. Ndio maana kanuni za baharini, ile ya tisa, zinasema chombo cha chini ya mita 20, chombo cha tanga na mvuvi pia, wasizuie meli ambayo haiwezi kupita kwingine ila ndani ya mkondo mwembamba. Haijatungwa Mombasa hiyo, ni ya dunia nzima.

Pia usisahau kwamba watu haohao ndio utakaowaita ukizama. Sisi wa upande huu wa kusini hatuhitaji kuhadithiwa, Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka karibu kabisa na ufukwe watu 272 walikufa, na wengi waliokolewa na wavuvi na watu wa kando waliojirusha tu. Na mwaka 2005 meli ilipomwaga mafuta ndani ya Kilindini, mikoko ya Port Reitz ikapakwa lami, waliolia kwanza ni wavuvi. Ulinzi wa bandari ni pamoja na kuwahi na ile mikanda ya kuelea kuyazungushia mafuta kabla hayajafika kwenye mikoko wanakozaliana samaki wako. Haya hayaonekani usiku ule wa taa machoni.

Haya, haki. Wana haki ya kukusimamisha? Ndio. Sheria yao inawapa uwezo wa kusimamisha chombo, kupanda na kupekua. Wana haki ya kukutoa kwenye mkondo? Ndio, na hata wasipokutoa wao, ofisi ya nahodha wa bandari inaweza. Kuvua hapo tangu babu ni hoja, ila ndani ya mkondo haikusaidii, babu yako hakuvua mbele ya meli ya mita 300.

Lakini hawana haki ya kila kitu na hapa nasimama na wewe. Unaruhusiwa kuuliza, kwa adabu, nyinyi ni akina nani na kamanda wa boti ni nani. Wakichukua kitu chako, wavu, mashine, samaki, omba kiandikwe, na andika mwenyewe siku, saa, namba ya boti yao, mlipokuwa. Wakikushika, kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema uambiwe sababu papo hapo kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimekwisha mahakama imefungwa. Kupigwa hapana. Na akikwambia "toa kitu kidogo tukuache", hiyo si faini, ndugu yangu, faini haina boti. Nimeshawaona vijana wa sare wakiharibu jina la wenzao kwa kolekole wawili, aibu tupu, na kila anayetoa anamfundisha yule kijana kurudi kesho. Ila ubishi fanya nchi kavu. Usiku majini, na wao wana silaha na hawakujui, we nyoosha mikono ionekane, washa taa, zima mashine, jibu kwa upole. Hata kama wamekosea.

Nifanyeje, umeuliza. Mi naona una njia kama nne na hakuna tamu kabisa.

Kuvua palepale gizani nimeshalijibu. Kwenda nje ya mwamba ndiko kwenye samaki wakubwa lakini na mashine ya 15 na boti ya futi 23 wakati wa kusi sikushauri, petroli itakula faida na bahari itakula boti, kaskazi labda, siku shwari, mkiwa boti mbili. Kuuza boti kama anavyosema mzee, mi namheshimu baba yako na hofu yake naielewa, ila ni mapema mno, hujajaribu kitu bado.

Ya nne ndio naipenda japo ni ya subira: ujulikane. Sajili boti, lipa leseni ya uvuvi, andika namba kubwa ubavuni pande zote mbili kwa rangi inayosomeka usiku ukimulikwa, sio ile ya kalamu iliyofutika. Makaratasi weka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dumu lenye kifuniko, usiwaambie "yako nyumbani". Jaketi za kuokolea kwa kila mtu, zivaeni, sio kuzikalia. Kipande cha bati kilichokunjwa kwa pembe, ukakipandisha juu ya mlingoti, kinasaidia rada kukuona, faiba na mbao rada inazipita kama kioo. Simu yenye chaji kwenye mfuko usioingia maji, na kama mnaweza kuchanga mkanunua redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16 ndio ya dharura na ya kuitana, dunia nzima, hata mkichangia moja kwa boti mbili ni bora kuliko simu inayokosa mtandao ukishapita mwamba.

Alafu nenda BMU yako, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wenu. Najua utasema BMU hawafanyi kitu, wengine kweli hawafanyi, lakini mvuvi mmoja akienda kwa walinzi wa pwani Liwatoni kuuliza "mkondo unaishia wapi na sisi tuvue wapi" ataambiwa arudi kesho, BMU ikiandika barua yenye mhuri na majina ya boti thelathini ni lazima wakae chini. Ombeni mambo mawili: muoneshwe, kwa maboya si kwa maneno, mstari ni upi, na mpate ratiba ya meli. Bandari inayo orodha ya meli zinazotarajiwa, haina siri, watu wa kutoa mizigo bandarini na wa malori wanaitumia kila siku. Mkijua usiku wa leo meli ya kwanza inaingia saa kumi alfajiri, mnajua mpaka saa ngapi mko salama kando ya mkondo. Nakumbuka wazee walikuwa wanafanya hivyo bila karatasi, wanaangalia boti ya rubani ikitoka tu wanang'oa nanga. Ukiiona boti ya rubani inatoka, we anza kukunja mshipi, nusu saa hivi meli iko nyuma.

Na kama mnaona eneo lenu la kuvua limeliwa na uchimbaji wa mkondo au gati jipya, hiyo si kesi ya walinzi wa pwani hata kidogo, ni kesi ya fidia na ina njia yake. Lamu walikwenda. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ile bandari mpya. Kufika kwenye pesa yenyewe ilikuwa safari nyingine ndefu, sikudanganyi, ila walisikilizwa. Mvuvi asiye na namba wala daftari atathibitisha vipi alichopoteza?

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, uende uso kwa uso. Mkinyang'anywa mashine au mkapigwa, nenda hospitali kwanza uandikiwe, kisha wakili au wasaidizi wa sheria wa bure, wapo Mombasa, na usikae wiki mbili ukingoja hasira ipoe. Ukiombwa hongo, tume ya kupambana na ufisadi ina ofisi hapahapa mjini. Ukiona kitu ambacho si cha kawaida, watu wanapiga mbizi tezi mwa meli usiku, mzigo unashushwa majini, usiwasogelee kabisa na usiwafuate, kumbuka saa na mahali uripoti, hao hawaombi leseni. Na hilo la mkondo unaishia wapi mbele ya kijiji chenu, usinitegemee mimi wala mtu wa mtandaoni, akuoneshe aliye na ramani ya bandari, mkiwa ndani ya boti yenu, mchana.

Baba yako mwambie asubiri msimu mmoja. Na hiyo taa usinunue ya kufunga kichwani kama mnavyopenda, nunua nyeupe ya kuzunguka pande zote, uisimamishe juu ya mti iwe imekupita kichwa. Ya kichwani we ukiinama kutia chambo, meli imeshakupoteza.